Mwenye Hadithi na Mwenye Chuma

Tarehe 23 Septemba 2015, majaji wa Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa, ambayo husikiliza rufaa za majimbo ya magharibi ya Marekani, walitoa hukumu juu ya swali ambalo, lau lingaliulizwa barazani kwetu baada ya sala ya alasiri, wazee wangalilidhani kuwa ni fumbo: je, motokaa yaweza kuwa mhusika wa hadithi, mwenye sura yake, sifa zake na tabia zake zisizopotea, hata mtu akiunda nyingine mfano wake na kuiuza ahesabiwe kuwa amejitwalia mali ya mwingine? Jaji Sandra Ikuta, aliyeiandika hukumu hiyo, alijibu kwamba yaweza. Nimeisoma na kuirudia, na kila nikiipima kwa mizani ya insafu naiona sawa. Walakini nina neno la kuongeza juu yake, nalo ni kwamba sheria iliyojua vizuri hivyo kupambanua hadithi na chuma haijajua bado kupambanua mtunzi na mmiliki, wala haijajua ni lini mmiliki anapaswa kushiba.

Mdai katika daawa ile alikuwa DC Comics, kampuni ya vitabu vya picha yenye kumiliki visa vya Batman, na mdaiwa alikuwa fundi mmoja, Mark Towle, ambaye karakana yake aliiita Gotham Garage, kwa jina la mji wa Batman mwenyewe. Fundi huyu aliunda motokaa za mfano wa zile zinazoonekana katika sinema na televisheni, na miongoni mwake ilikuwamo Batmobile, gari la shujaa huyo wa usiku, kwa sura mbili: ile ya mchezo wa televisheni wa 1966 alioucheza Adam West, na ile ya filamu ya 1989 aliyoicheza Michael Keaton. Kila moja aliiuza kwa kadiri ya dola 90,000, na tena aliuza vipande ambavyo mnunuzi aliweza kuvifunga kwenye motokaa yake mwenyewe akaigeuza kuwa ya Batman. Hakukana kwamba aliiga, wala kwamba hakuwa na idhini, wala kwamba alilitumia jina la Batmobile katika kuitangaza bidhaa yake. DC ilimshitaki 2011, ikashinda mbele ya hakimu wa kwanza 2013, naye akakata rufaa.

Utetezi wake haukuwa wa kupuuzwa. Alisema kwamba motokaa ni chombo cha matumizi, na kweli sheria ya Marekani haikiingizi chombo cha matumizi katika hakimiliki kwa ajili ya umbo lake la kutumika. Kiti ni cha kukalia na chungu ni cha kupikia, na anayekunja bati likawa mlango wa gari hawezi kuwazuia walimwengu wote wasikunje mlango kama ule, isipokuwa pawe na pambo linaloweza kutengwa na matumizi yenyewe. Sababu ya kanuni hii ni njema kabisa, kwa kuwa bila ya hiyo mtu wa kwanza kutengeneza jembe angaliwaacha jirani zake wote walime kwa mikono mitupu. Akasema pia kwamba motokaa za 1966 na 1989 hazifanani na zile zilizochorwa vitabuni, kwa hiyo hata kama kampuni ina haki juu ya michoro yake, haki hiyo haifiki kwenye vyuma vilivyoundwa na watu wa televisheni na sinema.

Mahakama ilizijibu hoja hizi kwa kuweka kipimo ambacho mhusika wa hadithi lazima akipite kabla ya kulindwa: kwanza awe na umbo linaloonekana pamoja na sifa za kinafsi, asiwe wazo tupu, pili awe amepambanuliwa kiasi cha kutambulikana kuwa ni yeye yule kila atokeapo, hata kama mavazi yake yamebadilika, na tatu awe wa pekee, mwenye johari isiyopatikana kwa kila mhusika wa aina yake. Batmobile ilikipita. Ni gari lenye sura ya popo, lenye mwendo wa kasi na silaha na mitambo ya ajabu, ambalo tangu 1941 halijaacha kuwa msaidizi wa Batman katika vita vyake na wahalifu, na wala halikupewa jina la gari lingine lolote dukani. Na kwa kuwa sura za televisheni na sinema zilitengenezwa kwa idhini ya DC kutokana na kazi ya DC, mzizi wa haki ulibaki pale pale kwa kampuni. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kulisikiliza shauri hilo Machi 2016, na hukumu ikabaki ilivyo.

Nasema hukumu hii ni sawa kwa sababu moja iliyo nyepesi kuieleza. Mtu anayetoa dola 90,000 kwa gari kama lile hanunui chombo cha kumfikisha sokoni, kwani kwa fedha hizo angalipata motokaa mpya iliyo nzuri, yenye starehe na isiyovuja mvua, na akiba ikabaki. Ananunua utoto wake. Ananunua zile jioni alizokaa sakafuni mbele ya televisheni na kuliona gari jeusi likitoka pangoni mwake na moto ukiwaka nyuma. Chuma amekitengeneza fundi, na jasho la fundi lina ujira wake, bali ile tofauti ya bei baina ya motokaa ya kawaida na motokaa ya Batman haikutoka kwenye nyundo yake. Imetoka kwenye hadithi, na hadithi ina wenyewe. Kumtaka fundi aende kwa wenyewe akaombe idhini na kuwalipa sehemu yao si kumdhulumu. Na idhini haikuwa muhali: DC imepata kutoa leseni rasmi ya kuunda Batmobile za 1966 kwa karakana moja ya mji mdogo wa Logansport, Indiana, kwa hiyo mlango ulikuwapo kwa anayetaka kubisha.

Lakini tulitazame gari lenyewe kwa karibu, maana ndani yake mna mafunzo mengi kuliko yaliyomo katika vitabu vya sheria. Batmobile ya 1966 haikuanza kuwa Batmobile. Mwili wake uliundwa kwa mikono katika karakana ya Ghia, mjini Turin, Italia, 1955, kwa amri ya kampuni ya Ford, ukaitwa Lincoln Futura, nao ulikuwa wa kuonyeshwa katika maonyesho ya motokaa na si wa kuuzwa. Rangi yake ilikuwa nyeupe yenye mng'ao wa lulu; baadaye ikapakwa nyekundu ikaonekana katika sinema moja ya 1959; kisha ikasahauliwa, hata fundi George Barris wa California akaipata kwa dola moja. Watu wa televisheni walipomwendea wakimtaka gari la Batman, na siku zikiwa chache, Barris hakuwa na wasaa wa kuunda jipya, basi akaichukua Futura na katika muda wa majuma matatu hivi akaigeuza. Yale mapezi marefu ya nyuma, ambayo Waitalia waliyanyoosha kama mapezi ya papa, yalichongwa kingo zake yakawa mabawa ya popo. Vile vioo viwili vilivyoumuka kama mapovu juu ya vichwa vya abiria vikaachwa, na baina yake ikawekwa taa nyekundu. Pua ya gari ikakatwa ikawa uso. Na juu ya weusi unaong'aa ikapitishwa mistari myembamba ya rangi ya chungwa iliyokolea, ifuatayo kila kingo kama wanja ufuatavyo jicho. Gari hilo liliuzwa kwa mnada Januari 2013, na bei yake ikapita dola milioni 4.

Sasa msomaji na ahesabu mikono. Ipo mikono ya wachoraji wa Ford, na ya wafua mabati wa Turin, na ya Barris na vijana wa karakana yake, na ya waandishi wa televisheni, na nyuma ya hao wote ya watu waliombuni Batman. Mahakama iliwajibika kuchagua mwenyewe mmoja miongoni mwao, ikamchagua mwenye hadithi, na nimekwisha sema kwamba haikukosea. Walakini mwenye hadithi ni nani?

Batman alitokea mara ya kwanza 1939, katika toleo la 27 la jarida la Detective Comics, na jina lililoandikwa kuwa ni la mbunifu wake lilikuwa moja tu, la mchoraji Bob Kane. Lakini kisa kile cha kwanza kilikuwa kimetungwa na Bill Finger, ambaye ndiye pia aliyemshauri Kane amvike shujaa wao joho na kofia yenye masikio ya popo, na ndiye aliyeupa mji wa Gotham jina lake, na akaendelea kwa miaka mingi kutunga visa ambavyo watoto wa Marekani walivisubiri kwa hamu. Gari lilipata jina la Batmobile katika toleo la 48, 1941, nalo wakati huo lilikuwa jekundu, na dalili yake ya popo ilikuwa ni kisanamu kidogo tu puani. Kane alikuwa amefunga mkataba na kampuni kwamba jina lake litajwe peke yake, na Finger hakuwa na mkataba wowote. Alifariki 1974. Kwa muda wa miaka 35 ya mwisho ya uhai wake alimwona kiumbe wake akitoka vitabuni kwenda kwenye televisheni, kwenye vitu vya kuchezea na kwenye fulana za watoto, na hakuona mahali hata pamoja palipoandikwa rasmi kwamba Batman ameumbwa na Bill Finger pamoja na Bob Kane.

Alipata kutajwa lini? Kampuni ilitangaza kwamba itamtaja mnamo Septemba 2015, siku chache tu kabla ya hukumu niliyoanza nayo, baada ya mjukuu wake na watu wenye uchungu wa jambo hili kulishikilia kwa muda mrefu. Yaani katika mwezi ule ule mmoja, wenye miliki walipata hifadhi ya mahakama juu ya gari la Batman dhidi ya fundi aliyeliiga, na mtu aliyetunga visa vya Batman tangu siku ya kwanza alipata, miaka 41 baada ya kufa kwake, mstari mmoja wenye jina lake. Barris naye alifariki Novemba ya mwaka huo huo. Sikusudii kusema kwamba dhulma aliyofanyiwa Finger inamhalalishia Towle aliyoyatenda. Dhulma mbili hazizai haki. Nakusudia kwamba neno letu hakimiliki limetanguliza haki mbele ya miliki, na kwamba katika habari ya Finger miliki ilikuwapo miaka yote, imelindwa kwa mawakili hodari, na haki ikachelewa hadi mwenyewe yu kaburini.

Tusije tukadhani kwamba mahakama zile huwapa wenye hadithi kila wanachokitaka. Ipo motokaa nyingine maarufu, Eleanor, ya filamu ya Gone in 60 Seconds ya 1974, ambayo H. B. Halicki aliitunga, akaiongoza, akaigharimia na kuicheza mwenyewe, na ambayo ndani yake mna mbio za motokaa za kadiri ya dakika 40 zilizoharibu magari 93. Halicki alikufa 1989 katika ajali akitengeneza filamu ya kuifuata hiyo. Mjane wake alizirithi haki zake, akaruhusu filamu itengenezwe upya 2000, akiwamo Nicolas Cage, na humo Eleanor ikawa Mustang ya kijivu yenye mistari myeusi ambayo watu wengi waliipenda hata mafundi wakaanza kuunda za mfano wake. Mjane na kampuni ya marehemu Carroll Shelby, mtu aliyezipa Mustang za aina ile sifa yake, walishitakiana kwa muda mrefu, na Mei 2025 mahakama ile ile ya Mzunguko wa Tisa, kwa kipimo kile kile cha 2015, iliamua kwamba Eleanor si mhusika wa kulindwa na hakimiliki.

Hapa nakiri kwamba nilisita, kwa kuwa moyo wa mtu huelemea upande wa mjane ambaye mumewe alikufa kazini, na kwa kuwa mbio zile za dakika 40 si jambo dogo. Anayezitazama hulionea huruma gari, kila linapogongwa likainuka tena na kuendelea. Lakini nilipotulia niliona kwamba ushujaa ule ni wa dereva. Eleanor ni jina la siri ambalo wezi wa hadithi huliita gari wanalotaka kuliiba, kama walivyoyaita mengine kwa majina ya wanawake wengine. Mara ni Mustang ya manjano, mara ni ya kijivu, mara ni gofu lenye kutu lisilo na rangi. Halina mtambo wake wa ajabu wala tabia yake, na uzuri wake uliobaki katika macho ya watu ulitoka zaidi kwa Ford na Shelby kuliko kwa mtunga hadithi. Ukimwondolea Batman gari lake amebaki na pengo. Ukiiondoa Mustang moja na kuweka nyingine katika filamu ile, wizi unaendelea. Basi mbele ya mizani ile ile Batmobile ilizama kwa uzito na Eleanor ikapanda juu kwa wepesi, na mizani inayoweza kutoa majibu mawili ndiyo ninayoiamini.

Uingereza imekwenda njia yake. Huko Mahakama ya Juu iliamua Julai 2011 kwamba kofia za askari weupe wa Star Wars, alizoziunda fundi Andrew Ainsworth 1976 na kuziuza tena baada ya miaka mingi, zilikuwa vifaa vya kutumika katika sinema na si sanamu za kisanii, kwa hiyo hakimiliki ya sanamu haikuzifunika. Na huko huko shirika la BBC lilishindana na Polisi wa London juu ya kibanda cha buluu, ambacho hapo kale kilikuwa kibanda cha kweli cha polisi cha kupigia simu barabarani, lakini ambacho tangu 1963 watazamaji wa mchezo wa televisheni wa Doctor Who wanakijua kuwa ni chombo cha kusafiria katika zama na anga. BBC ilitaka kukiandikisha kuwa alama yake ya biashara, Polisi wakapinga kwamba ni chao, na 2002 BBC ikashinda. Kibanda kiliachwa na waliokiunda kikafufuliwa na hadithi, na umma ulikwisha sahau kwamba kiliwahi kuwa cha polisi.

Nimebakiwa na jambo la muda, nalo ndilo linalonikera kuliko yote. Batman alipobuniwa, sheria ya Marekani ya wakati huo ilimwahidi mwenye kazi miaka 28, na kama akiomba tena, 28 mingine, jumla yake 56. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapatano baina ya mtunzi na umma: wewe tunga, sisi tutakulinda kwa miaka 56, kisha kazi yako iwe hidaya kwa watu wote, kama ngano za mababu zilivyo za watu wote. Kwa mapatano hayo gari lile jekundu la 1941 lingalikuwa la umma mnamo 1997, miaka 14 kabla ya Towle kushitakiwa, na mafundi wa ulimwengu wangalikuwa huru kuunda kila mmoja gari lake la popo, mradi wasiige sura mpya za televisheni na sinema. Lakini muda ulirefushwa kwa sheria ya 1976 hadi miaka 75, na kwa sheria ya 1998 hadi miaka 95, na nyongeza hizo hazikupewa kazi mpya tu bali na za zamani, ambazo watunzi wake walikwisha zitunga kwa kuridhika na miaka 56. Kumwongezea Bill Finger muda wa kulindwa, ilhali amekwisha kufa na muda wenyewe si wake, hakukuweza kumshawishi atunge hata kisa kimoja zaidi. Sheria zetu, ya Tanzania ya 1999 na ya Kenya ya 2001, humpimia mtunzi kwa umri wake na miaka 50 baada ya kufa kwake, na ijapokuwa nayo miaka hiyo ni mingi, walau kipimo kimefungwa na uhai wa binadamu aliyetunga.

Kwa hiyo ninalolitaka ni hili. Anayeunda gari la hadithi na kuliuza apate idhini na alipe; nimesema na sirudi nyuma. Wenye kampuni watoe idhini hizo kwa bei ambayo fundi mdogo aiweza, maana fundi anayeliunda gari lao kwa ustadi anawahudumia wapenzi wa hadithi yao. Anayejiundia moja katika ua wa nyumba yake, kwa furaha yake na ya wanawe, asiuze wala asikodishe, aachwe kwa amani. Sehemu ya malipo ya leseni iwafikie waliobuni, au warithi wao ikiwa wamekufa, na majina yao yaandikwe wakiwa hai. Na wanaotunga sheria, huko Washington na hapa kwetu, wasikubali tena kurefusha muda wa kazi zilizokwisha tungwa.

Kama muda hautaguswa tena, Batman wa 1939 atakuwa wa watu wote tarehe 1 Januari 2035, na gari lake jekundu litamfuata 1 Januari 2037. Ile nyeusi ya 1966, yenye mabawa na mistari ya rangi ya chungwa, itangoja hadi 2062.